Samaki Aliyeganda Mara Mbili

Juma lililopita shemeji yangu aliniita nimsaidie kusogeza frigo yao kuukuu ili wapake ukuta rangi. Vitabu vinaiita jokofu. Hapa Goma kila kinachogandisha ni frigo, iwe ile ya kusimama au ile ya kulala kama sanduku. Yao ni ya kulala, na ilikuwa imezimwa mwezi mzima, mfuniko umefungwa. Tulipoinyanyua, mfuniko ulifunguka kidogo tu, upana wa kidole, na harufu ikatoka. Sikupata muda wa kuomba radhi. Nilikimbia nje, nikainama nyuma ya choo, nikatapika chai na mkate wa asubuhi. Shemeji akasimama mlangoni akicheka.

"Weye mama muzima, harufu tu inakuangusha?"

Harufu tu. Ninyi wa rika langu, mliokulia mji huu, mnaijua. Kuoza kwenyewe kuna ukweli wake: panya aliyekufa ananuka kama panya aliyekufa, na mtu anajua la kufanya. Lakini huu ni uozo uliofungiwa, ukaoshwa kwa sabuni, ukachanganyika na mpira wa mfuniko na chuma kilicholowa. Ni uozo ulioambiwa unyamaze. Nilikuwa na miaka tisa nilipoujua, na tangu hapo sijala samaki ambaye sikumwona angali na jicho lenye kung'aa.

Tulikuwa tunakaa Ndosho, katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Papa, baba yangu, aliuza vipuri vya pikipiki. Mama aliuza samaki wa moshi. Asubuhi alishuka Kituku, ziwani, akarudi na beseni kichwani. Akawapasua samaki, akawatia chumvi, akawapanga juu ya wavu wa chuma uliolazwa kwenye pipa lililokatwa nusu, nyuma ya nyumba, na moshi ukafanya kazi hadi jioni. Walitoka wakiwa wa rangi ya kahawia, wakavu, wagumu kama ukuni. Mtu aliweza kuwapeleka Masisi kwa miguu na kurudi nao bila hata mmoja kuharibika. Mashuka yetu yalinuka moshi, nywele zetu zilinuka moshi, na shuleni hakuna aliyetushangaa, kwa sababu nusu ya darasa ilinuka vilevile.

Tulikuwa pia na Tate, bibi yangu, mama yake Papa, aliyeshuka kutoka vilima vya Masisi na kibuyu chake cha maziwa. Kila akikiosha alikifukiza kwa moshi wa majani makavu, akakifunika kwa kifuniko cha nyasi, na maziwa yaliganda humo yakawa mazito, yenye uchachu na ladha ya moto. Wanawake hao wawili hawakupendana sana, ila wote wawili walijua namna ya kuzuia chakula kisiharibike. Hakuna aliyewahi kusema kwamba walikuwa na mashine. Mashine ilikuwa kitu kingine. Mashine ilikuwa na waya.

Frigo iliingia kwetu Jumamosi moja juu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wenye magurudumu mawili, ikisukumwa na wanaume wawili waliolowa jasho, na nyuma yao watoto wa avenue nzima, mtaa wetu wote, kama msafara wa harusi. Ilikuwa nyeupe, ndefu kama kitanda, yenye kutu pembeni, na ubavuni ilikuwa na karatasi iliyobandikwa, imeandikwa kwa lugha ambayo hata mwalimu wetu hakuijua. Papa aliinunua katika vitu vilivyotumika, vile vinavyofika vimerundikwa kutoka Bulaya, yaani Ulaya. Hakuiweka jikoni. Aliiweka sebuleni, mkabala na kiti cha wageni, na Mama akaitandikia kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kwa ajili ya meza. Juu yake akaweka maua ya plastiki.

"Hii," Papa akatuambia, mkono wake umelala juu ya mfuniko kama juu ya bega la rafiki, "batu ya Bulaya banachungaka mu ndani nyama ya mwaka muzima. Kitu ukiweka humu, haiozake tena. Munasikia? Kuoza imekwisha mu hii nyumba."

Tate alikuwa amekaa mlangoni akitafuna. Akatema nje.

"Miye nilishaonaka sanduku ya vile. Ku hopitali. Balilazisha mule muzee wangu."

"Mama, ile ni ya maiti. Hii ni ya chakula."

"Baridi haijuake kuchagula," Tate akasema.

Msidhani ninamfanya Tate kuwa mwenye hekima. Majuma mawili baadaye nilimkuta peke yake sebuleni, amesimama mbele ya frigo iliyo wazi, akinywa soda baridi kwa chupa, macho amefumba. Alipaliwa aliponiona. "Usiambie baba yako," akanipa mafunda mawili ya mwisho ili ninyamaze. Ilikuwa ni mara yangu ya kwanza kunywa kitu kinachouma meno kwa ubaridi. Nilifikiri ndivyo usafi unavyoonja.

Hapo ndipo nilipokosea, na ilinigharimu miaka kuelewa kosa langu lilianzia wapi. Papa alisema kuoza kumekwisha, nami nikaelewa kwamba baridi ni dawa. Kwamba ndani ya sanduku lile kulikuwa na kitu kinachokula uozo, kama vile sabuni inavyokula mafuta. Kitu kizuri kikiingia kinabaki kizuri. Kitu kibaya kikiingia, kinapona. Hakuna mtu mzima aliyenisahihisha, kwa sababu, nikiangalia nyuma, naona wengi wao waliamini hivyohivyo na hawakuwa na miaka tisa.

Jirani yetu wa karibu alikuwa fundi wa nguo tuliyemwita Papa Patience, kwa jina la binti yake wa kwanza. Patience alikuwa rafiki yangu wa kila kitu: tulichota maji pamoja, tulichapwa pamoja. Baba yake alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, chuma kitupu, kuukuu kuliko yeye, isiyowahi kumwangusha hata siku moja. Lakini kila alipofunga kazi alikuja kwetu, akaweka kiganja chake ubavuni mwa frigo, akasikiliza inavyonguruma.

"Inapumua," alisema. "Ya kwangu haipumuake." Alikuwa anaisema cherehani yake, iliyomlishia watoto watano, kwa dharau ya kweli.

Kisha frigo ikaanza kututawala. Papa alisema moshi unachafua sebule ya watu wenye frigo, na pipa la Mama likatupwa bondeni. Mama hakubisha sana. Alichoka na macho mekundu, na zaidi ya hayo wateja wenyewe walikuwa wamegeuka. Wanawake waliokuwa wakipanga foleni kwa samaki wake wa moshi sasa walisema ni samaki wa kijijini, wa watu wasio na umeme. Walitaka wa frigo. Mama aliporudi Kituku na samaki wabichi wa alfajiri hiyo, bado mashavu mekundu, bado wanateleza, walikunja pua.

"Hapana, Mama. Nipe ile ya ku frigo."

"Lakini hii imetoka mu maji sasa hivi."

"Njo maana. Nipe ya frigo."

Basi Mama aliwaingiza samaki wabichi ndani ya frigo, akawaacha saa tatu wapate barafu juu ya ngozi, akawatoa na kuwauza kwa wanawake walewale, ambao waliondoka wakiwa wameridhika. Tulicheka. Nakumbuka tulivyocheka, mimi na Mama, tumeshika matumbo. Leo nikikumbuka kicheko kile, mate yananijaa mdomoni kama kabla ya kutapika.

Umeme ulikatika siku ya Jumanne. Kukatika hakukuwa jambo la ajabu. Ulikatika asubuhi ukarudi jioni. Safari hii haukurudi. Jumatano Mama alitaka kufungua mfuniko atazame, Papa akamshika mkono.

"Usifungue. Baridi iko kama maji mu bidoni, mu dumu yenye kifuniko. Usipofungua, itatokea wapi?"

Ndani mlikuwa na samaki wengi kuliko siku zote, kwa sababu Jumapili ya mbele yake kulikuwa na ubatizo kanisani na watu walikuwa wameshaagiza. Alhamisi asubuhi maji ya rangi ya waridi yalitiririka kutoka chini ya frigo hadi kwenye miguu ya kiti cha wageni. Nilipewa kitambaa nipanguse. Maji yalinata vidoleni. Ijumaa harufu ilikuwepo kila mahali: kwenye ugali, kwenye daftari langu la hesabu, kwenye shanga za nywele zangu. Nzi walitembea juu ya kitambaa cheupe cha Mama. Tate alihamishia mkeka wake nje. Papa alikula akiwa ameelekea ukutani, akitafuna polepole.

Jumamosi adhuhuri balbu ikawaka, na mtaa mzima ukapiga kelele za furaha kama timu yetu imefunga bao. Frigo ikatikisika, ikaanza kunguruma. Kesho yake, mapema kabla ya ibada, Papa aliifungua mwenyewe. Nilisimama chini ya kwapa lake nikachungulia. Samaki walikuwa wamegandana kuwa jiwe moja la kijivu, macho yao yamezama, na tope jeusi lilikuwa limeganda kati yao. Papa akainama akanusa.

"Munaona? Imerudia jiwe. Haina harufu tena."

Ilikuwa kweli. Niliweka pua yangu karibu. Hapakuwa na harufu. Ijumaa walinuka, Jumapili hawakunuka: nilikuwa nimeona kwa macho yangu dawa ikifanya kazi.

Mama hakusogea. Alikuwa amevaa tayari pagne yake ya kanisa, kile kitenge cha Jumapili.

"Papa, hii tutupe."

"Tutupe wapi? Kila mutu aone? Banamuke bote ba hapa banajua frigo yetu haiozeshake."

"Imeoza."

"Ilikuwa imeoza. Sasa iko muzima. Osha na ndimu."

Walitazamana. Nilimtazama Mama, nikingoja aseme jambo, kwa maana yeye ndiye aliyejua samaki. Alimjua samaki kwa kidole, gizani, tangu akiwa msichana. Akavua pagne ya kanisa, akafunga ya jikoni. Alikamua ndimu mpaka mikono yake ikachubuka. Alisugua kwa chumvi, akasuuza, akanusa, akasugua tena. Machozi yalimtoka, akasema ni ndimu. Walipoanza kulainika, nyama yao ilikatika kama mkate uliolowa, kwa hiyo aliwakata vipande vidogo ili umbo lao lisionekane, kisha akavifunika kwa barafu.

Mimi ndiye niliyepeleka sehemu ya Mama Patience. Alikuwa ameandaa mafuta tayari, ana wageni wawili kutoka kanisani. Alifunua beseni, akasita kidogo. Nilimwona akisita. Pua yake ilitikisika.

"Hii ni ya lini?"

"Ni ya frigo, Mama," nikasema.

Uso wake ukafunguka. "Ah. Ya frigo." Akaitia kwenye mafuta.

Sikudanganya. Ndivyo nilivyojitetea miaka mingi, kwamba sikutamka uongo wowote. Lakini nilikuwa nimeona anasita, nami nikalitoa neno lile upesi, kama mtu anayejua ufunguo wa mlango.

Ilianza jioni hiyohiyo. Kwao Patience watu watano waliugua, katika nyumba ya tatu wanne, na kule mbele ya kisima sijui wangapi, kwa sababu hawakusema. Vyoo vya Ndosho ni vya mbao na vimesogeleana. Mtu haugui peke yake. Asubuhi avenue nzima ilinuka. Kwetu hakuna aliyeugua, kwa sababu kwetu hakuna aliyekula. Mama alipika maharage, na hakuna aliyeuliza kwa nini, hata Papa.

Adhuhuri nilienda kumwona Patience. Alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na cherehani ya baba yake, midomo imepasuka, macho yamezama kama ya wale samaki. Nasema kama ya wale samaki kwa sababu ndicho nilichokifikiri palepale, na wazo langu likaenda mbele kidogo: wale walikuwa hivi, wakapona. Nikarudi nyumbani mbio. Sebuleni hapakuwa na mtu. Nilifungua frigo, nikachukua kisu cha Mama, nikabandua barafu iliyobaki chini kabisa, pale walipokuwa wamelala samaki. Ilikuwa na rangi ya waridi na vidoa vyeusi. Nilichagua vipande vyenye rangi, kwa sababu nilifikiri ndivyo vyenye nguvu. Nikavitia kwenye kikombe, nikakifunika kwa mkono, nikampelekea.

"Nyonya," nikamwambia. "Itakuponyesha."

Patience alikuwa na kiu ya kufa. Alinyonya vyote. Alilamba mpaka kikombe.

"Baridi," akasema, akatabasamu.

Saa chache baadaye alikuwa hawezi kushikilia shingo yake. Baba yake alimbeba mgongoni, amefungwa kwa pagne kama mtoto mchanga, akapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, na msichana aliyekuwa na miaka tisa kama mimi alionekana kama furushi la nguo. Walimtia serum, maji ya mishipa, mkononi kule kituo cha afya, akalala huko siku nyingi. Mtoto wa nyumba ya mbele ya kisima, kichanga aliyekuwa bado ananyonya ila ameanza kuonjeshwa mchuzi, alipelekwa hukohuko na hakurudi. Watu walisema alikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Walisema ni maji ya ziwa. Papa alikuwa wa kwanza kulisema hilo, tena kwa sauti, kwenye matanga, ameshika kofia yake kwa heshima.

"Ile maji ya Kituku, mama yangu, mutu asinywe bila kuchemsha."

Nilikuwa nimekaa miguuni pake. Nilitazama viatu vyake vilivyong'arishwa, nikasogea mbali navyo. Mama alikuwa upande wa wanawake, akimenya viazi vya msiba. Alimenya, akamenya, mpaka kiazi kikaisha mkononi.

Patience aliporudi alikuwa mwembamba, shingo kama ya kuku. Alikaa kizingitini kwao akanipungia mkono nije. Nilikwenda nikikokota miguu.

"Nilikuwa naiota ile barafu yako," akanong'ona, kana kwamba ni siri yetu. "Ilikuwa tamu kuliko dawa yao yote."

Kufikia hapo nilikuwa nimekwisha kujua. Hakuna aliyenieleza. Muuguzi alipita mtaani akiuliza watu wamekula nini, akasimama mlangoni kwetu akasema na Mama kuhusu chakula kilichoganda, kikayeyuka, kikaganda tena; kwamba baridi haiui kitu, inakilaza tu, na kikiamka kinaamka na njaa. Mama alisema ndiyo, ndiyo, aksanti. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilijitapikia palepale, kwenye gauni.

Ningependa kuwaambia kwamba mtaa ulikasirika, kwamba mtu alikuja na nyundo akaipasua frigo ile. Hakuna. Kwa juma moja hawakuja kununua. Juma la pili alikuja mama mmoja kuomba barafu, kwa aibu, akisema ana mgeni. Juma la tatu foleni ilikuwa imefika barabarani, na miongoni mwao alikuwepo mama aliyemzika kichanga. Alikuwa na beseni la bluu. Alisema, "Nipe ya frigo." Mama alimhudumia bila kumtazama usoni. Samaki walikuwa wazuri siku hiyo, nataka niseme hivyo, walikuwa wazuri kabisa. Na bado sijawahi kuona kitu kilichonichukiza kuliko mkono wa mama yule ukipokea. Nilimchukia yeye, maskini. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia Papa. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hakuwa anasahau. Alitaka kuwa miongoni mwa watu wanaokula vya frigo, na msiba haukumwondolea tamaa hiyo, ulimwondolea tu mtoto.

Papa, kwa kuona hivyo, akanunua nyingine, kubwa zaidi, yenye kioo juu, ili watu waone kilichomo. Ile ya kwanza aliamua kuiuza. Na mnunuzi aliyejitokeza kabla hata haijatangazwa, akiwa na furaha ya bwana harusi, alikuwa Papa Patience. Ili kuipata aliuza cherehani yake ya kukanyaga kwa fundi wa Kibumba. Alisema atapata nyingine, ya umeme.

Siku ya kuihamisha Mama alinipa sabuni ya unga na kitambaa niisafishe ndani. Nilipofika kwenye mpira wa mfuniko niliuvuta kidogo kwa kucha, kama nilivyoona wengine wakifanya. Nyuma yake palikuwa na utando mweusi, laini, wenye magamba ya samaki yamelala ndani kama mbegu. Ulizunguka mfuniko mzima. Nilifuta. Ulitoka, na mwingine ukawa chini yake. Nilifuta mpaka kitambaa kikawa hakifai, na harufu ikapanda, ileile, ya Ijumaa ile.

Nje walikuwa wameshaegesha chukudu. Papa Patience alikuwa anafunga kamba, akitoa amri kwa kila mtu. Patience alikuwa amepewa kazi ya kushikilia mfuniko usifunguke barabarani, kwa maana mawe ya Ndosho yanarusha kila kitu. Alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili, la njano, na mkono wake umetulia juu ya ule weupe kama mkono wa mwenye mali.

"Sasa ni yetu," akaniambia. "Nitakuwa nakupatia barafu, kama vile ulinipatia."

Sijui nilivyopata sauti. Nilikuwa mtoto aliyefundishwa kutoingilia mazungumzo ya wakubwa. Nilisimama mbele ya Papa Patience, kitambaa cheusi mkononi, nikayasema yote. Nikasema samaki waliowala walikuwa wameoza kabla ya kuganda tena. Nikasema Mama aliwaosha na ndimu. Nikasema barafu niliyompa Patience niliibandua chini ya samaki haohao, na kwamba nilimpa iliyo chafu kuliko zote. Nikamwonyesha kitambaa.

Papa aliniita kwa jina langu lote, lile la ubatizo, akanyoosha mkono anishike. Mama akasimama katikati.

"Acha. Mutoto anasema kweli," akasema. Alikuwa hamtazami mtu. "Miye njo niliosha."

Wasukuma chukudu wakajifanya wanatazama gurudumu. Papa Patience alikuwa bado ameshika kamba, amekunja uso kama mtu anayepima kitambaa na kuona kimepungua. Alimtazama Mama, akamtazama Papa, akaitazama frigo. Niliona ameelewa. Nataka hilo lieleweke: aliambiwa, na alielewa.

"Ilikuwa ni kuran," akasema mwishowe, taratibu. Hivyo ndivyo tunavyouita umeme. "Kuran ya hapa ni mubaya. Frigo haina kosa." Akapapasa ubavu wake. "Miye nitaiwekea stabilizateri, ile mashine kidogo ya kutengeneza kuran. Nilishauliza bei."

Kisha akavuta kamba, akakaza fundo, akawaambia wale wanaume, "Twende."

Chukudu ikaanza kusogea juu ya mawe, frigo ikigongagonga. Papa Patience alitangulia mbele akifukuza watoto njiani. Patience alikuwa bado mahali pake, ubavuni, mkono juu ya mfuniko. Alitembea hatua tatu, nne. Halafu akautoa mkono. Akakitazama kiganja chake, akakinusa. Akakifuta kwenye gauni la njano, mara moja, mara ya pili, kwa nguvu, mpaka pakabaki alama. Akavuka barabara, akaenda upande wa pili peke yake, na ule mfuniko ukawa unafunguka na kujifunga, unafunguka na kujifunga, hadi walipokata kona.